Grafu Inayokaguliwa

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka Mangina, karibu na Beni, Kivu Kaskazini. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Lakini jumla hizo hazimwelezi mkazi wa Kimemi au Bulengera, huko Butembo, ugonjwa ulifika lini mjini kwake, ulitokea upande gani na ni wiki zipi zilikuwa nzito kuliko nyingine. Hayo huelezwa na grafu. Kwa hiyo nawasifu hapa watu wanaochora grafu za takwimu kwa ajili ya Wikipedia, kazi ya kujitolea ambayo wasomaji huitumia bila kuuliza imefanywa na nani.

Baadhi yao hutumia R, programu ya takwimu ya bure iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Katika R mchoraji huandika amri, mstari baada ya mstari: soma jedwali, jumlisha wagonjwa wa kila wiki, tenganisha zoni za afya, ipe kila zoni rangi yake. Jedwali lenyewe laweza kuwa na safu tatu tu, yaani wiki, zoni na idadi. Ufundi umo katika kuamua.

Akichora mstari wa jumla, ataonyesha jambo kubwa: wagonjwa 1,000 wa kwanza walifikiwa baada ya miezi zaidi ya saba, lakini 1,000 waliofuata walitimia kwa siku 71 tu, mwanzoni mwa Juni 2019. Hata hivyo mstari huo haushuki kamwe, hata ugonjwa unapopungua. Akichora pau za kila wiki, msomaji ataona rangi ya Mabalako, zoni yenye Mangina, ikitangulia, ya Beni ikitawala miezi ya mwisho ya 2018, kisha Katwa na Butembo zikichukua nafasi, mpaka Aprili na Mei 2019 pau zinapopanda kuliko wakati wowote. Mchoraji mwangalifu huanzisha mhimili wa wima kwenye sifuri, na pau za wiki za karibuni kabisa huzipa rangi hafifu, kwa sababu wapo walioanza kuugua ambao bado hawajaandikishwa. Asipofanya hivyo, kuchelewa kwa taarifa kutaonekana kama nafuu.

Kwetu Kivu Kaskazini umakini huo una uzito wa pekee. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Wengi wakaona ugonjwa ni siasa, wengine wakasema ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Grafu peke yake isingeweza kuondoa shaka iliyokwisha kuota mizizi kiasi hicho. Lakini mwenye shaka ana haki ya kuonyeshwa hesabu, na hapo ndipo kazi hii inapostahili heshima. Kwenye Wikimedia Commons, hifadhi ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, mchoraji mzuri huweka picha, chanzo cha takwimu na amri zote alizoziandika. Ni kama mfanyabiashara anayekufungulia daftari lake ujumlishe mwenyewe. Ukizitekeleza amri zile, utapata picha ileile, au utagundua kosa na kulisahihisha.

Tena picha ikihifadhiwa kama SVG, maneno yaliyomo huweza kubaki maandishi. Anayejua Kiswahili ataifungua, ataandika "wiki" palipoandikwa "semaine" ya Kifaransa, na grafu itasomwa Oicha na Musienene kama inavyosomwa Paris. Data mpya zikija, faili hubadilishwa mara moja, na makala zote zinazolitumia hupata picha mpya.

Vijana wa vyuo vya Butembo na Beni, R haiuzwi. Jifunzeni kuitumia, mchore bei za kahawa, mvua za Lubero, chanjo na mitihani ya shule, na kila grafu iandamane na hesabu yake. Habari za Kivu zitachorwa tu, nanyi mnaoyajua maeneo haya kwa majina yake ndio mnaofaa kuzichora.