Rula ya Kidole

Machi 2019, mwalimu kutoka Njoro, Kenya, aliposhinda tuzo ya dola milioni 1 kule Dubai, gumzo la wengi lilikuwa fedha. Mimi nilivutiwa na kompyuta yake. Peter Tabichi, mtawa Mfransisko, alifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Upili ya Keriko, kijijini Pwani (bahari iko mbali sana, huku hata mvua ni ya kubahatisha). Shule ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Mwalimu alikwenda saiba, akapakua alichohitaji, akarudi nacho darasani. Hivyo ndivyo alivyotumia teknolojia katika asilimia 80 ya vipindi vyake.

Lakini sifa ninayoithamini zaidi ni ya wanafunzi wake. Katika maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya mwaka 2018 walileta kifaa walichokibuni ili wasioona na viziwi waweze kupima vitu. Wangeweza kuleta roboti, majaji wakashangilia. Wao walishughulika na urefu wa meza.

Rula ya dukani imetengenezewa mwenye macho: vistari vya wino visivyogusika. Mwalimu fundi huichonga upya. Pengo dogo kila sentimita, pengo refu kila baada ya tano, na penye sifuri kizuizi cha kukitia kidole breki. Kazi ya kisu na msasa, jioni moja tu, na mtoto asiyeona anapima daftari lake mwenyewe bila kushikwa mkono.

Bao nalo, ambalo Wakikuyu wana aina yake iitwayo giuthi, lingestahili kuwekwa kabatini pamoja na chaki. Shimo hupapaswa, kete huhesabika kwa vidole. Kiziwi hahitaji maelezo marefu, hutazama mkono wa mwenzake. Anayechelewa kushika hesabu huona kete kumi na mbili zikigawanyika moja moja, na hakuna wa kumharakisha, maana hata mjanja husubiri zamu. Ila mchezo haujifundishi. Mwalimu ndiye anayetangaza kwamba leo safu ya ndani ni mamoja na ya nje ni makumi. Hapo utani unageuka hesabu, na watoto bado wanabishana nani kaiba kete.

Serikali ilipoanza kuwagawia watoto wa darasa la kwanza vishikwambi mwaka 2016, mpango ulikuwa na laptopu za walimu, projekta, hata vifaa vya nukta nundu. Vizuri. Hata hivyo kioo cha kishikwambi ni laini kote, na sauti ya programu humezwa na kelele za watoto hamsini. Mwalimu mwenye jicho humtafutia huyu visikizi, yule humbandikia alama za gundi pembeni mwa kioo, na wa tatu humwachia bao, kishikwambi kikibaki kwenye chaji.