Karamu Tumboni mwa Mjusi: Nani Anayeaminiwa?

Picha ninayotaka kuihakiki ilitoka katika gazeti la Illustrated London News mwezi Januari 1854. Ni mchoro uliochongwa kwenye ubao, kisha ukapigwa chapa. Unaonyesha mnyama mkubwa kama nyumba, mgongo wake uko wazi, na humo ndani mabwana waliovaa suti wanakula. Mnyama ni Iguanodon, mmoja wa dinosaria, ile mijusi mikubwa iliyokwisha kutoweka. Na karamu yenyewe si hadithi. Ilifanyika usiku wa 31 Desemba 1853 huko Sydenham, London, ndani ya kalibu ya sanamu ya mnyama huyo.

Sanamu zilikuwa kazi ya msanii Benjamin Waterhouse Hawkins, akiongozwa na Profesa Richard Owen, yule aliyebuni jina la dinosaria mwaka 1842. Zilitengenezwa kwa ajili ya bustani za Crystal Palace, zilizofunguliwa Juni 1854. Iguanodon mmoja tu alikula nguzo nne za chuma, matofali 600 na mapipa 38 ya saruji. Jamani, hapo mtu anajenga nyumba!

Wengi wakiiona picha hii leo huishia kucheka. Iguanodon wa Hawkins ana pembe puani kama kifaru, kumbe mifupa iliyofukuliwa Bernissart, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1878 ilionyesha kwamba ile "pembe" ni mfupa wa kidole gumba. Kwa maoni yangu, kicheko hicho ni uhakiki wa juu juu. Kukosea ni sehemu ya elimu. Swali la mhakiki ni jingine: picha hii inatutaka tumwamini nani, na inatushawishi kwa njia gani?

Tuanze na fani. Mchoraji amemjaza mnyama katika ukurasa, kisha akamzungushia vitu tunavyovijua: meza, viti, wageni, wahudumu. Hapo ndipo ujanja ulipo. Meza tunaijua, kiti tunakijua, basi na mnyama tunamkubali bila kuuliza. Kitu ambacho hakuna jicho la binadamu lililowahi kukiona kimepata ushahidi kwa kukaribishwa mezani. Halafu tazama nani kakaa wapi. Owen aliwekwa upande wa kichwa. Yeye ndiye ubongo wa mnyama! Wahudumu wako nje, na mafundi waliokoroga saruji hawana kiti kabisa. Maudhui ya picha, basi, ni mamlaka ya wale waliopata nafasi ya kukaa.

Sasa, sisi tulioko Moshi, chini ya Kibo na Mawenzi, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, kwa sababu miaka hiyo hiyo, katika mji huo huo wa London, watu walikuwa wakibishana juu ya mlima wetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani, aliuona Kilimanjaro na weupe kileleni. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliuita weupe huo baridi tu. Rebmann akaandika kuwa ni theluji. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa katakata, eti theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Mwaka 1852 alikuwa bado anakataa kwa maandishi. Ilibidi Baron Karl Klaus von der Decken aje mlimani mwaka 1861 na 1862, apande na kupima, ndipo wakubwa wengi wa jiografia wakaridhika.

Hebu weka mambo haya mawili bega kwa bega. Mnyama ambaye hakuna aliyemwona anajengewa mwili wa saruji na kufanyiwa karamu. Theluji ambayo Wachagga waliiona kila kulipokucha, na ambayo maji yake yalishuka mashambani mwao, inaitwa ndoto ya mmisionari. Mbona hivyo?

Atatokea mtu aseme: Owen alikuwa na mifupa mkononi, Rebmann alikuwa na macho tu. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Lakini mifupa ile ilikuwa michache, na pembe iliwekwa puani kwa kukisia. Kwa upande wa theluji, mashahidi walikuwa jamii nzima, vizazi na vizazi. Tofauti haikuwa wingi wa ushahidi. Tofauti ilikuwa kwamba Bwana Kheri na wazee wa Uchaggani hawakuwa na kiti kwenye meza ile, kwa hiyo neno lao halikuhesabiwa kuwa ushahidi mpaka Mzungu mwenye vipimo alirudie.

Na msidhani kwamba mambo haya yaliishia mwaka 1854. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani walifukua Tendaguru, mkoani Lindi, zaidi ya tani 200 za visukuku. Wachimbaji na wapagazi walikuwa watu wetu. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Safari hii mifupa haikuwa ya kukisia. Lakini jina la Boheti liliingia katika jina la kitaalamu la dinosaria, Australodocus bohetii, mwaka 2007 tu. Karibu karne nzima imepita!

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka michoro ya Hawkins iwekwe kando kwa kuwa imepitwa na wakati. Isomwe darasani kama tunavyosoma riwaya: nani anasimulia, nani ananyamazishwa, nani anabeba sahani. Na picha za Tendaguru zisomwe hivyo hivyo, kuanzia kwa yule aliyebeba mfupa. Uwanja uko wazi, wahakiki wenzangu. Anayeona nimepotoka na ajibu katika toleo lijalo.