Siku moja ku studio: nimesikiliza tena albamu ya kwanza ya Black Sabbath

Bandugu na badada wa chama chetu, leo siandike juu ya mbegu. Mulizoea kusoma hapa maneno yangu juu ya muhindi na mihogo, na wengine muliniambia kwamba inatosha. Sawa. Leo nitaongea juu ya albamu ya rock iliyofanywa Uingereza mbele wazazi wetu wengi hawajaoana, na juu ya maneno mawili ambayo sisi wenye diploma tunayapenda kuliko hata diploma yenyewe: "njia hazipo."

Mwezi wa saba 2025, tarehe 5, Ozzy Osbourne aliimba mara ya mwisho na wenzake watatu wa mwanzo kwenye uwanja wa Villa Park, ku Aston, mtaa wa Birmingham walipokomalia wote wane. Tarehe 22 ya mwezi uleule akafariki. Wakati ule ujumbe mmoja ulizunguka sana ku matelefone ya watu wa promosheni yetu. Ulisema hivi: hawa watu walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja tu, na wewe mwenye lisansi unangoja nini?

Ule ujumbe uliniuma, kwa sababu nilikuwa kweli nangoja kitu. Nitakielezea mbele ya kumaliza. Lakini kwanza nilinunua mega, nikashusha albamu yote, nikaisikiliza usiku tatu mfululizo. Leo nataka kusema mambo mawili: habari ya siku moja ni ya kweli, na namna tunavyoitumia ni uongo.

Ukweli wenyewe uko hivi. Tarehe 16 mwezi wa kumi 1969, vijana wane waliingia Regent Sound, studio moja ya London: Tony Iommi ku gitaa, Geezer Butler ku besi, Bill Ward ku ngoma, Ozzy ku sauti. Mwenye kuongoza kazi alikuwa Rodger Bain. Mashine ilikuwa na njia nne tu za kurekodi sauti. Walipiga pamoja, palepale, sawa vile wangepiga mbele ya watu. Ozzy aliwekwa pembeni peke yake na kuimba wakati wenzake wanapiga. Nyimbo nyingi hawakuzirudilia. Kiisha sauti ya mvua, radi na kengele ikaongezwa pale mwanzoni. Albamu ikatoka siku ya tano, tarehe 13 mwezi wa pili 1970, ku kampuni ya Vertigo. Uingereza ilifika namba 8, Marekani namba 23, na huko ilikaa kwenye orodha zaidi ya mwaka mmoja.

Mutu akisoma hivyo tu anaona muujiza. Lakini mkulima hawezi kudanganywa namna hiyo. Ukikuta mtu anavuna shamba siku moja, huwezi kusema muhindi umekomaa siku moja.

Angalia kazi iliyotangulia ile siku. Kundi lilikuwa limeanza mwaka 1968 na jina lingine, likiwa linapiga blues ya watu wengine. Kuelekea mwisho wa mwaka ule Iommi aliwaacha, akaenda kwa muda kidogo kwa Jethro Tull, kundi lililokuwa tayari na jina. Hakukaa. Lakini kule aliona kitu: watu wanaamka asubuhi na kwenda mazoezini kama wafanyakazi. Akarudi kwa wenzake na ile sheria. Mwaka 1969 wakapiga fasi nyingi, mpaka Hamburg ku Ujerumani, kwenye Star-Club, ambako kundi lilipaswa kupanda jukwaani mara nyingi kwa siku moja, hata kama ndani muko watu watano na wawili kati yao wamelala. Siku walipofika London, mikono yao ilikuwa inajua zile nyimbo kuliko vichwa vyao. Siku moja ilitosha kwa sababu hakukuwa tena kitu cha kutafuta.

Sasa tuongee juu ya muziki wenyewe, maana hapa tusifu kwa haki.

Wimbo wa kwanza una jina la kundi na jina la albamu. Baada ya mvua na kengele, gitaa inapiga noti tatu tu, polepole, na ile ya tatu inakaa fasi mbaya: sikio linangoja pumziko, halipati. Waliosoma muziki wanasema ni umbali wa toni tatu nzima, na kwamba unaleta wasiwasi. Mimi sikusoma muziki, lakini wasiwasi niliusikia bila mwalimu. Kinachonishangaza ni ujasiri wa kupiga kidogo. Wakati ule wapiga gitaa wa Uingereza walikuwa wanashindana nani ana vidole vya haraka. Huyu anaacha noti ife yenyewe mbele ya kuleta ingine.

Na hapo tufike ku vidole. Iommi alikuwa na miaka 17, anafanya kazi ku kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho ya kazi, walimweka ku mashine ambayo siyo yake kwa sababu mwenyewe hakuja. Ile mashine ikakata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume. Na yeye anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Maana yake vidole vilivyokatwa njo vile vinavyobonyeza nyuzi. Alitengeneza vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akavivalisha ngozi, akatafuta nyuzi nyepesi ili asiumie. Hapa Lubumbashi familia nyingi zinajua mzee ambaye mashine ilikula kidole chake. Kwa hiyo habari hii siyo ya mbali.

Lakini tuwe waangalifu. Watu wengi wanasema: sababu ya ile ajali, alilegeza nyuzi, na ile sauti nzito ikazaliwa. Kulegeza nyuzi kulikuja baadaye, ku albamu ya tatu, mwaka 1971. Ku hii ya kwanza uzito haukutoka ku nyuzi kulegea. Unatoka kwenye uchaguzi wa noti, kwenye mwendo wa polepole, na kwenye besi ya Butler ambayo haikimbii gitaa bali inaifuata nyuma kama mtu anayekusindikiza usiku. Ninasisitiza hii kwa sababu tunapenda sana kusema kwamba shida inazaa kipaji. Shida haizai kitu. Ni wangapi walikatwa vidole ku viwanda vya Birmingham na hatujui majina yao? Ile shida ilimfungia Iommi mlango mmoja. Yeye njo alitafuta mwingine, miaka na miaka.

Wimbo wa pili, "The Wizard", una harmonika ya Ozzy, na hapo unasikia Bill Ward anapiga ngoma kama mtu wa jazz, anajaza kila nafasi. "N.I.B." unaanza na besi peke yake, kiisha wote wanaingia pamoja, na mimi kila mara ninaongeza sauti ya bafle hata majirani wakigonga. Hizi nyimbo tatu pamoja na "Behind the Wall of Sleep" zinaweza kusimama mbele ya muziki wowote.

Rafiki yangu mmoja, mwimbaji wa korali, alisikia ule mwanzo akaniuliza: "Wee, hii si muziki ya bashetani?" Swali ni la kweli, sitalicheka. Jina lilitoka ku filamu ya kutisha ya Mario Bava ya mwaka 1963. Ku jalada kuna mwanamke mwenye nguo nyeusi mbele ya kinu cha zamani cha Mapledurham, na ndani kampuni iliweka msalaba uliopinduliwa bila kuuliza wapigaji. Ni wauzaji walitaka kuuza woga. Lakini sikiliza ule wimbo wa kwanza mpaka mwisho: ni mtu anayeogopa na kumwita Mungu amsaidie. Butler, mwandishi wa maneno mengi ya kundi, alitoka familia ya Wakatoliki. Rafiki yangu hakukubali kabisa, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Kwangu inatosha.

Sasa makosa, maana yapo.

La kwanza ni "Evil Woman". Huo siyo wimbo wao. Ni wa kundi la Kimarekani lililoitwa Crow. Waliuweka kwa sababu walioshika biashara walitaka kitu chepesi cha kupeleka ku redio. Ukatoka peke yake mwezi wa kwanza 1970, na haukufika fasi yoyote. Ku albamu unasikia kabisa kwamba wanapiga kwa adabu tu, sawa vile mwanafunzi anavyoandika sura ambayo prof aliitaka na yeye mwenyewe haiamini. Wanunuzi wa Marekani walipewa "Wicked World" fasi yake, na mimi ninaona walipata albamu bora.

La pili ni "Warning", wimbo mwingine wa kuazima, unaopita dakika kumi. Katikati gitaa inabaki peke yake, inazunguka, inasimama, inaanza tena. Najua kuna wanaoipenda. Kwangu ni kama TFC iliyoongezwa kurasa ili ifike idadi. Jukwaani, ku Hamburg, ile kuzunguka ilikuwa na kazi: kujaza saa. Ku sahani hakuna saa ya kujaza. Hapa siku moja inaonyesha ubaya wake. Kama wangekuwa na wiki moja, mtu angesema: tukate.

Waandishi wengi wa wakati ule waliiponda albamu yote. Lester Bangs, ku gazeti la Rolling Stone, hakuona cha kusifu. Leo watu wanamcheka. Mimi simcheki sana: nusu ya pili ya albamu inampa haki kidogo. Kosa lake ni kwamba hakusikia ile nusu ya kwanza inafungua mlango gani. Hata ng'ambo ya Kasumbalesa, vijana wa migodi ya Zambia walikuwa wanasikiliza rock nzito ya Waingereza, na miaka ileile ya 1970 wakajitengenezea ya kwao, inayoitwa leo Zamrock.

Sasa nirudi ku kitu nilichokuwa nangoja.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tisa, mbele ya mvua kuanza, nilikwenda kwa shangazi yangu upande wa Kipushi. Nikarekodi ku telefone masomo matano mafupi kwa Kiswahili: namna ya kuchagua vijiti vya mihogo visivyo na mozaiki, namna ya kuvikata, namna ya kuvipanda. Nilitaka kuyatuma kwa wakulima. Sikuyatuma. Niliambia kila mtu: majogoo yanalia nyuma, sina mikro nzuri, nangoja msaada wa vyombo. Nilisema hivyo miaka miwili.

Usiku wa tatu, baada ya kusikiliza albamu, nilifungua yale masomo yangu. Niliamini nitasikia majogoo. Majogoo hayakuwa shida. Hata yalikuwa yanapendeza. Shida ilikuwa mimi. Nilikuwa ninasoma silabusi kwa sauti. Somo la pili nilisema neno moja la Kifaransa mara nne kwa sababu sikujua mkulima analiita namna gani. Somo la nne, shangazi anasikika akiuliza swali, na mimi ninaendelea kusoma kama sikusikia.

Kwa hiyo ule ujumbe wa promosheni yetu haukunisaidia, na "njia hazipo" pia haikuwa kweli. Mmoja ananiambia rekodi leo, mwingine ananiambia ngoja vyombo. Hakuna aliyeniuliza: ile kazi umeshaifanya mara ngapi mbele ya watu?

Tangu mwezi wa kumi ninaenda Kipushi siku ya posho, bila telefone mkononi. Nimeshaeleza lile somo la vijiti mara saba, chini ya mwembe, kwa watu sita, wakati mwingine watatu. Mara ya kwanza mama mmoja aliniambia: "Mwanangu, unasema haraka sawa vile unaogopa tutakuuliza." Alikuwa na haki. Mara ya tano njo nilijifunza kunyamaza baada ya kuonyesha jani lenye mozaiki, niwaache walitazame wenyewe. Zile noti tatu za Iommi njo zilinifundisha.

Nikifika mara ya kumi na mbili nitarekodi. Nadhani itachukua asubuhi moja tu, na majogoo yatalia.

Wenye kuijua albamu hii kuliko mimi, munikosoe juu ya "Warning". Niko tayari kuirudilia, lakini dakika kumi za mega muzilipe nyinyi.