Michirizi kwenye kioo cha gari: kosa liko kwenye kukausha

Taa inakaribia kuwa ya kijani na kijana wa kwenye mataa bado hajamaliza upande wa abiria. Chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa kifuniko imeshatema povu, sponji imeshapita, sasa mpira wa kukaushia kioo unateremka kutoka juu hadi kwenye waipa. Anaufuta mpira kwa kitambaa kilichoning'inia kiunoni, anauvuta mara ya mwisho, anapokea alichopewa au anaambulia honi. Wenye magari wengi humwona kero. Kiufundi, hata hivyo, kioo alichokiacha mara nyingi huwa safi kuliko kile kilichotoka sehemu ya kuoshea magari baada ya nusu saa ya povu, mashine ya presha na tambara. Jambo hilo lina maelezo yake, na humo ndimo siri ya michirizi ilimo.

Wengi huamini kwamba mchirizi ni uchafu uliogoma kutoka. Ndiyo maana mtu akiuona huongeza sabuni, na usipoondoka huongeza nguvu ya mkono. Lakini uchafu wenyewe huwa umeshaachia zamani. Kinachong'aa jua linapopiga ni kile kilichokuwa ndani ya maji au ndani ya sabuni, kikabaki juu ya kioo maji yalipopaa. Maji yakiondolewa yangali maji, huondoka na mzigo wake wote. Yakiachwa yakauke yenyewe, huutua mzigo huo palepale. Kwa hiyo njia yoyote ya kusafisha kioo, iwe ya gazeti, ya mpira, ya taulo au ya dawa ya dukani, mimi huipima kwa swali moja: maji yaliondokaje?

Tuanze na maji yenyewe, maana hapo ndipo wakazi wa pwani wanapopata hasara bila kujua. Sehemu nyingi za kuoshea magari Dar es Salaam zinategemea visima, na visima vya ukanda wa pwani hutoa maji yenye chumvi, vingine kidogo, vingine hadi ulimi unayakataa. Tuseme lita moja ya maji hayo ina miligramu 500 za chumvi na madini yaliyoyeyuka. Kioo cha mbele kikiachwa na mililita 20 tu za maji, yaani vijiko vinne vya chai, miligramu 10 za unga mweupe zitabaki juu yake baada ya kukauka. Ni kiasi kidogo sana kwenye mizani. Juu ya kioo ni balaa, kwa sababu unga huo hausambai sawasawa.

Kwa nini hausambai? Jibu lilitolewa mwaka 1997 na kundi la wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago katika jarida la Nature. Walichunguza tone la kahawa lililokaukia mezani na kuacha duara jeusi pembezoni huku katikati pakibaki peupe. Waligundua kwamba ukingo wa tone hunata mahali pake na ndiko maji yanakopaa kwa kasi zaidi, hivyo maji ya katikati hulazimika kukimbilia pembeni kufidia yaliyopotea, yakibeba kila punje iliyomo. Tone la maji ya kisima juu ya boneti au kioo hufuata sheria hiyohiyo. Ndiyo asili ya vile viduara vyeupe vinavyoonekana kwenye magari meusi yaliyooshwa saa sita mchana.

Madini hayo nayo si ya aina moja, na dawa zake hazifanani. Chumvi ya kawaida huyeyuka tena kwa maji safi: pitisha kitambaa chenye maji baridi, imekwisha. Chokaa ya maji magumu haijali maji. Inahitaji asidi, na siki ya jikoni, yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, inatosha ikiachwa dakika chache kisha ikasuuzwa. Zipo pia alama za silika ambazo siki haiziwezi kabisa, nazo huondolewa kwa kusugua kwa poda laini ya kung'arishia vioo. Anayemwaga siki kwenye kila doa bila kujua ni la nini anapoteza siki.

Suluhisho rahisi zaidi ni kutumia maji yasiyo na mzigo. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kusafishwa na mvua ya kwanza yanafaa sana. Yale yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ukutani ni bora zaidi, kwani ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hivyo hauna chokaa wala chumvi ya kisima. Uyachuje tu, maana hushuka na vumbi. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta nayo yanafaa, mradi uhakikishe umepewa maji na si asidi ya betri. Huhitaji kuoshea gari zima maji hayo. Osha kwa maji uliyonayo, kisha lita moja ya maji haya itumike kwa vioo peke yake, mwishoni.

Turudi kwa kijana wa mataa. Maji yake hayana sifa, na ndoo yake pengine imeshapokea vumbi la magari mengi tangu asubuhi. Kinachomwokoa ni mpira. Chombo hicho kilipata umbo lake la leo kwa Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akisafisha madirisha mjini Oakland, California. Mwaka 1936 alipata hataza ya kifaa chepesi cha shaba nyeupe chenye ulimi mmoja wa mpira laini, wenye ncha kali, unaoweza kubadilishwa upesi. Kabla yake mafundi walihangaika na chuma kizito chenye skrubu kumi na mbili za kufungua kila mpira ulipochoka. Ulimi mmoja wenye ncha kali hausambazi maji, unayasukuma yote hadi ukingoni, na kinachobaki nyuma ni utando mwembamba mno usioweza kuacha alama. Maji machafu yakiondoka yote, uchafu wake nao umeondoka.

Udhaifu wake uko sehemu tatu. Mpira uliochanika hata kidogo huacha mstari mmoja mrefu kila unapopita. Kioo cha mbele kina mbinuko, na ulimi mrefu ulionyooka hauwezi kukilalia chote, ndiyo maana pembe za karibu na nguzo hubaki na maji. Na mpira usipofutwa kila baada ya mvuto mmoja huyarudisha maji ulikoyatoa. Wale walio hodari utawatambua kwa kitambaa cha kiunoni.

Tambara la sehemu ya kuoshea magari linashindwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Limeshafuta milango, limeshafuta rimu, limekamuliwa, na sasa linaletwa kwenye kioo likiwa na maji na sabuni ndani yake. Haliwezi kunyonya zaidi, kwa hiyo linapaka. Sabuni ya unga inazidisha tatizo, kwa kuwa ina chumvi za kujazia kama salfeti ya sodiamu, ambazo ni mzigo mwingine wa kubaki. Kama ni lazima sabuni, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo yanatosha. Povu jingi linamfurahisha mteja tu.

Gazeti la babu zetu lilifaulu kwa sababu karatasi yake hunyonya, haiachi nyuzi, na ilitumika kavu. Bado linafanya kazi, ila wino huhamia vidoleni na kutoka vidoleni kwenye kitambaa cha mlango. Taulo la mikrofaiba limelipita. Nyuzi zake za poliesta na poliamaidi zimepasuliwa hadi kuwa nyembamba kuliko unywele, na maji hunaswa katikati ya nyufa hizo. Sharti lake ni kufuliwa peke yake bila dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo huacha utando wa mafuta kwenye nyuzi na utando huo huishia kwenye kioo. Na yawe mataulo mawili: la kwanza la kulowanisha na kuchukua uchafu, la pili kavu, la kumaliza kabla kioo hakijajikaukia chenyewe. Taulo la pili likianza kuwa na unyevu, geuza upande.

Hadi hapa tumezungumzia nje, na nje ndiyo kazi nyepesi. Dereva anayekaa Kibaha na kufanya kazi mjini huelekea mashariki asubuhi na magharibi jioni, hivyo Barabara ya Morogoro humpa jua la usoni mara zote mbili. Huyo ndiye anayejua kwamba kioo kinachong'aa kwa nje kinaweza kugeuka ukungu mweupe ghafla mbele ya Kimara. Ukungu huo uko ndani ya gari, na kijana wa mataa hana namna ya kuufikia.

Unatoka wapi ikiwa ndani hamna matope? Unatoka kwenye dashibodi yenyewe. Plastiki laini huchanganywa na mafuta ya kuilainisha, na gari likiachwa juani mafuta hayo hupaa kidogo kidogo na kuganda kwenye kioo kilicho juu yake. Viwanda vya magari vinalijua jambo hili kiasi kwamba Ujerumani ina kiwango chake, DIN 75201: kipande cha plastiki hupashwa joto la nyuzi 100 kwenye bika huku kioo kilichopozwa kikiwa juu yake kama kifuniko, kisha hupimwa kioo hicho kimefifia kiasi gani. Ongeza pumzi, moshi wa sigara na alama za vidole. Halafu ongeza kosa ambalo kwangu ndilo baya kuliko yote katika biashara ya kuosha magari: dashibodi kupigwa polishi ya silikoni mwishoni, vioo vikiwa vimeshamalizwa, na mara nyingine kioo kikapitishiwa kitambaa kilekile ili "king'ae". Silikoni haitoki kwa maji, na hata kwa sabuni inasuasua. Usiku, mwanga wa kila taa ya gari linalokuja hutawanyika juu ya utando huo.

Utando wa ndani ni mafuta, na maji matupu hayayeyushi mafuta; huyasogeza. Dawa inayofaa ni spiriti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Spiriti huyeyusha mafuta, kisha hupaa upesi bila kuacha kitu: isopropanoli huchemka kwenye nyuzi 82, ethanoli kwenye 78. Lakini soma lebo. Ile spiriti ya vidonda inayouzwa kwenye baadhi ya maduka ya dawa hutengenezwa ikiwa na mafuta ya nyonyo, nayo itaacha kile unachojaribu kukitoa. Vitakasa mikono vilivyobaki tangu 2020 navyo si mbadala, kwani vingi vina gliserini ya kulinda ngozi. Dawa za vioo zenye amonia zinakata mafuta vizuri ila huharibu tinti, na magari yetu mengi yana tinti upande wa ndani. Fungua milango unapofanya kazi hii, na sigara iwe mbali.

Nyunyiza kwenye taulo, usinyunyizie kioo, matone yasije yakaingia kwenye dashibodi. Ndani pitisha mkono kulia na kushoto, nje juu na chini. Mchirizi ukijitokeza, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani, na hutazunguka gari bure. Kioo cha nyuma futa kwa kufuata nyaya za kuondolea ukungu, usizikatize. Vioo vya milangoni viteremshe kidogo kwanza, usafishe ule ukingo wa juu unaojificha ndani ya mpira, kisha uvipandishe.

Gari lenye vumbi lisipanguswe kavu. Mchanga mwingi ni kwatsi, ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo cha gari kiko kwenye 5.5 hivi. Dereva wa Dodoma anayewasha waipa bila maji anakikwaruza kioo chake mwenyewe. Mwaga maji kwanza, fanya kazi kivulini au asubuhi kioo kikiwa baridi, na mipira ya waipa ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, vinginevyo mvua ya kwanza itarudisha kila ulichotoa.

Kupima ni rahisi. Pulizia kioo pumzi kwa ndani: kikiwa safi, mvuke hukaa sawasawa na kutoweka mara moja; kikiwa na mafuta, utaona ramani ya vidole na mikono. Kisha usiku uangaze kwa tochi ya simu ukiilaza pembeni. Mistari inayobaki baada ya mizunguko miwili ya spiriti ipitishie ukucha. Ukucha ukiteleza, huenda bado ni uchafu, rudia. Ukikwama, ni mkwaruzo wa waipa, na hapo kazi imetoka mikononi mwa msafishaji. Kusugua kwa nguvu hadi mkwaruzo wenye kina upotee huacha bonde linalopinda picha ya barabara, tena mbele ya macho ya dereva, kwa hiyo mkwaruzo wa namna hiyo dawa yake ni kioo kipya.