Ithaca ya Mpita Njia na Ithaca ya Mwenyeji

Katika darasa letu la jioni mjini Bujumbura tuliwapa wanafunzi insha ya kuandika juu ya safari ya majini. Wengi waliandika juu ya Ziwa Tanganyika, kama ilivyotazamiwa. Mmoja alituletea kurasa nne juu ya kisiwa cha Ithaca, katika Bahari ya Ionia, magharibi ya Ugiriki, ambako hajapata kufika. Habari zake alizitoa katika kijitabu cha matangazo cha kampuni moja inayokodisha mashua za matanga, na humo palipigwa chapa shairi la Constantine Cavafy lenye jina la kisiwa hicho hicho. Insha ilikuwa safi, na sarufi yake haikuwa na dosari ila katika neno moja. Tukampa alama 85. Leo twapenda kuwaeleza walimu wenzetu kwa nini twaona alama zile zilizidi, na kwamba kosa halikuwa la mwanafunzi peke yake.

Tuanze na neno lile. Chombo alikiita jahazi. Jahazi, kama wajuavyo wenzetu wa pwani, ni chombo cha shehena, na mabaharia wake hulitegemea kwa riziki. Hiki cha kijitabuni ni mashua ya starehe. Hukodiwa kwa juma zima, aghalabu Jumamosi hadi Jumamosi, pamoja na nahodha, au pasipo nahodha ikiwa mkodi mwenyewe ana cheti cha ubaharia. Hutoka Lefkada au Kefalonia asubuhi, bahari ikiwa shwari. Alasiri upepo wa kaskazini-magharibi huamka, matanga yakajaa, na kabla ya jua kutua chombo huingia Kioni au Vathy. Hapo nanga hutoswa mbele, chombo kikarudi nyuma polepole, kamba za tezi zikafungwa gatini, na abiria wakashuka kwa ubao, hatua chache tu hadi meza za mkahawa. Asubuhi nanga hung'olewa. Kisiwa kimekwisha kutembelewa.

Ama shairi lenyewe, ni zuri, wala hatusemi hivyo kwa adabu tu. Cavafy alikuwa Mgiriki wa Alexandria nchini Misri. Alizaliwa huko mwaka 1863, akafa huko huko mwaka 1933, na kwa miaka mingi alikuwa karani katika idara ya umwagiliaji. Shairi hili lilitoka mwaka 1911. Mshairi anamwambia msafiri aiombee njia yake urefu, atue katika bandari ngeni, ajifunze kwa wenye elimu, wala asiharakishe kufika. Kwani zawadi ya Ithaca ni safari yenyewe, na zaidi ya hapo haina cha kumpa. Majitu na mungu wa bahari mwenye hasira, waliokuwa nje katika hadithi ya kale, Cavafy amewahamishia ndani ya moyo wa msafiri. Hilo ni jambo la fundi. Mwaka 1994 shairi lilisomwa katika mazishi ya Jacqueline Kennedy Onassis, na tangu hapo umaarufu wake umepita mipaka ya wasomaji wa mashairi.

Lakini Cavafy aliwaandikia watu waliokwisha kumjua Homer. Aliweza kukifanya kisiwa kuwa ishara tu kwa sababu kisiwa chenyewe, pamoja na mawe na mbuzi wake, kilikuwa tayari vichwani mwao. Mwondoe Homer, lichape shairi kando ya bei za kukodi mashua, na mara maneno yale yale yanakuwa ruhusa ya kupita bila kutazama. Mwanafunzi wetu aliipokea ruhusa hiyo. Katika kurasa zake nne hapana mwenyeji anayesema hata neno moja. Machweo ya jua yamo mara tatu.

Yasemwa kila siku kwamba Odyssey ni utenzi wa safari. Tuuhesabu. Una sehemu 24, na katika ile ya 13 shujaa amekwisha kufikishwa kwao. Nusu ya utenzi, basi, inabaki baada ya kuwasili! Tena anawasili vipi? Watu wa Phaeacia wanamleta katika chombo chao naye amelala fofofo. Wanamlaza mchangani na zawadi zake, wanaondoka. Akiamka, hakijui kisiwa chake mwenyewe, kwa kuwa Athena amekifunika kwa ukungu. Analia akiuliza amefika nchi ya watu gani. Odysseus naye, kwa saa chache, ni abiria wa mashua ya watu, tofauti ni kwamba hakulipa nauli.

Kuanzia hapo Homer hatuoneshi mandhari, anatuonesha kazi. Mtu wa kwanza kumkaribisha ni Eumaeus, mchunga nguruwe, asiyejua kwamba mgeni wake ni bwana wake, na bado anamchinjia. Hapo kabla, Telemachus alikwisha kukataa farasi aliopewa na mfalme wa Sparta, akieleza kwamba kwao hakuna uwanda wa kuwakimbiza, ni malisho ya mbuzi, naye anakupenda hivyo hivyo. Na Odysseus hatambuliwi kwa umbali aliosafiri. Anatambuliwa kwa kovu la mguuni, na kwa siri ya kitanda alichokichonga katika shina la mzeituni lililo bado ardhini. Baba yake, Laertes, anapotaka ushahidi, anaoneshwa kovu, kisha anahesabiwa miti aliyompa mwanawe utotoni: mipea 13, mitofaa 10, mitini 40, na safu 50 za mizabibu.

Tulipowasimulia wanafunzi mahali hapo, mama mmoja alinyosha mkono. Wazazi wake walikimbilia Tanzania mwaka 1972, naye alizaliwa huko. Walirudi Rumonge mwaka 2008. Akasema: "Mwalimu, baba naye aliulizwa michikichi. Aliulizwa ilikuwa mingapi, na upande gani." Tukamwuliza kama alijibu sawa. Akasema alijibu sawa, ila mingine ilikuwa imekatwa, basi ikawa vigumu kuthibitisha.

Wala Ithaca ya leo si ishara kwa wenyewe. Ina wakazi wapatao 3,000. Zilzala za Agosti 1953 zilibomoa sehemu kubwa ya nyumba zake, na wengi wa watu wake wamehamia Australia, Afrika Kusini na Marekani. (Wako wataalamu wanaobisha kwamba Ithaca ya Homer ni hii, ubishi huo tunawaachia.) Kumwambia mtu aliyehamishwa na zilzala kwamba kufika si kitu, njia ndiyo yote, kwataka ujasiri.

Hatukuzipunguza alama, maana zilikwisha kuandikwa. Tulimtaka mwanafunzi aandike upya, safari hii akisimama gatini, upande wa yule anayezipokea kamba. Juma lililopita ameleta ukurasa mmoja na nusu. Mpokea kamba ana jina, anaumwa kiuno, na anamdai nahodha fedha za maji ya mwaka jana. Machweo hayamo. Jahazi bado limo.