Siku ya Arobaini na Moja: Mfungwa Aliyefunguliwa na Chumba cha Kupanga katika Fasihi ya Kiswahili

Methali ya Kiswahili huhesabu siku za mwizi kuwa arobaini. Siku ya arobaini na moja haimo katika hesabu hiyo. Mwizi akishashikwa methali imetimia, na msemaji hana haja ya kuendelea. Walakini katika maisha mambo hayaishii hapo. Mwizi hupelekwa mbele ya hakimu, hufungwa, humaliza kifungo chake, kisha asubuhi moja hutolewa mlangoni, na jioni ya siku ile ile hana budi kupata mahali pa kulala. Swali linalofaa kuulizwa ni kama fasihi ya Kiswahili imewahi kumfuata mtu huyu mpaka mlangoni pa chumba cha kupanga. Mji wa Babati wafaa kuwa kipimo cha swali hilo, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya makazi. Babati ni mji wa njia panda, mahali ambapo barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma hukutana na ile iendayo Singida. Tangu Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Babati kufanywa makao yake makuu, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na vijana watokao vijijini wamezidi kuutafuta, na wote hutaka vyumba. Chumba cha bei nafuu hapo aghalabu ni kimoja katika safu ya vyumba vilivyojengwa nyuma ya nyumba ya mwenyewe. Ua ni mmoja, choo ni kimoja, bomba ni moja, na pengine mita ya umeme ni moja. Mpangaji hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja, na dalali naye hutaka chake. Hakuna anayeuliza karatasi za mahakama. Huulizwa maneno: unatoka wapi, unafanya kazi gani, nani anakufahamu hapa, ulikuwa unakaa wapi kabla ya hapa. Pengine hutakiwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa naye huuliza yale yale. Kumbukumbu ya kosa, ambayo katika nchi nyingine hukaa katika majalada, hapa hukaa midomoni mwa watu. Na mji si mkubwa kiasi cha kumficha mtu.

Sababu ya pili ni ya lugha. Ni miji michache ya Tanzania yenye mkusanyiko wa lugha kama ulioko Babati. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za Kikushi, Wadatoga lugha ya Kiniloti, Wambugwe na Warangi lugha za Kibantu. Mwenye nyumba na mpangaji mara nyingi hawana lugha ya mama moja, na maelewano yao hufanyika kwa Kiswahili. Basi, ikiwa Kiswahili kina upungufu wa maneno katika jambo hili, upungufu huo si wa vitabuni tu. Hukaa kati ya watu wawili wanaosimama mlangoni.

Na upungufu upo. Neno mfungwa limetokana na kitenzi cha kutendwa: ni mtu aliyefungwa na wengine. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kutendua kilichotendwa. Kamba iliyofungwa hufunguliwa, na mtu vilevile. Lakini kutokana na kufunguliwa hakukupatikana jina la mtu. Mfunguliwa ni neno ambalo sarufi hailikatai, ila watu hawalitumii. Husemwa mfungwa wa zamani, au mtu aliyetoka jela, au, kama isemwavyo zaidi mitaani, yule aliyekuwa ndani. Haifai kudhani kwamba lugha haiwezi kumtaja mtu kwa hali aliyokwisha kuiacha. Aliyetoka katika ndoa ni mtalaka. Aliyetoka katika kazi ni mstaafu. Hata mtumwa aliyeachwa alikuwa na jina lake katika kamusi za zamani, huru, na wingi wake mahuru. Aliyetoka gerezani peke yake ndiye anayeendelea kuitwa kwa jina la mahali alipotoka. Ndani aliyokuwamo ilikuwa ya serikali, naye sasa anatafuta ndani nyingine, ya kulipia.

Sheria nayo ilipata kuwa na sauti kubwa zaidi katika jambo hili kuliko ilivyo leo. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, na neno la mitaani lililofuatana na misako hiyo lilikuwa wahuni. Baada ya Uhuru ikatungwa sheria ya mwaka 1969 ya kuwahamishia wahalifu wa kurudia katika makazi maalumu. Kwa upande mwingine Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 17, humpa kila raia haki ya kwenda na kuishi sehemu yoyote ya nchi. Haki hiyo, hata hivyo, haimwamrishi mwenye nyumba ampangishe fulani, na hapo ndipo sheria inaponyamaza na fasihi ingepaswa kusema.

Fasihi imesema nini? Imesema mengi juu ya gereza, tena kwa ustadi. Lakini imemchagua mfungwa wake kwa uangalifu mno. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, gereza limejaa wajumbe waliotumwa nchi za mbali wakarudi na habari njema, wakalipwa minyororo. Karama awatetea pamoja na nafsi yake, na hatimaye haki hupatikana. Wajumbe hawa hawana hatia hata chembe. Kufunguliwa kwao ni kurudi kwa heshima, na msomaji hana sababu ya kujiuliza watalala wapi. Katika Haini ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 2003, mateso ya waliokamatwa Unguja baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972 yameelezwa kwa ukali usiosahaulika. Hapo pia huruma ya msomaji haina mashaka, kwani anayeteswa ni mtu aliyedhulumiwa.

Abdilatif Abdalla naye alifungwa Kenya kwa waraka wake wa siasa, Kenya: Twendapi?, akaandika gerezani tungo zilizokuja kuwa Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka mwaka 1973. Alipofunguliwa mwaka 1972 alihamia Tanzania, akapokewa Dar es Salaam katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, akafanya kazi humo kwa miaka kadhaa. Jambo hili ni la fahari kwa wanachuoni wa Kiswahili, na ni haki likumbukwe. Lakini litazamwe pia kwa jicho la pili. Aliyepokewa alikuwa mshairi aliyefungwa kwa kusema kweli. Kifungo chake kilimwongezea sifa mbele ya wenyeji wake. Kijana wa Babati aliyeiba pikipiki, akakiri, akafungwa, akatumikia kifungo chake chote, hana kitabu cha kutangulia mbele yake.

Mwenye hatia ya kweli vitabu vimemfanyia nini? Katika riwaya za upelelezi, tangu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965 na hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, kazi yake ni kutafutwa na kupatikana. Akipatikana kitabu hufungwa pamoja naye, na hakuna lawama katika hilo, maana aina hiyo ya hadithi haikuahidi zaidi. Katika riwaya nzito, mwenye hatia aghalabu huondolewa kabisa. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1975, huua, na mwisho wake ni adhabu ya kifo. Kifo hicho kina maana yake katika falsafa ya mwandishi, wala si haki kumtaka Kezilahabi aandike kitabu kingine. Lakini vitabu hivi vikiwekwa pamoja, mtindo waonekana wazi: asiye na hatia hufunguliwa, mwenye hatia hushikwa au hufa. Hakuna nafasi ya yule ambaye ana hatia na bado yu hai, na deni lake amekwisha kulilipa. Magazeti nayo hufuata mkondo huo huo. Rais atoapo msamaha katika Sikukuu ya Muungano, Aprili 26, au ya Uhuru, Desemba 9, huchapishwa idadi ya walioachwa. Walikolala usiku ule hakuchapishwi.

Huenda ikasemwa kwamba mada hii ni ndogo, ya kodi na madalali, isiyostahili riwaya. Hoja hiyo ni dhaifu. Fasihi ya Kiswahili imejaa nyumba, na migogoro yake mikubwa hufanyika vyumbani na uani. Huenda pia ikasemwa kwamba mwandishi akishika mada hii atatoa mahubiri: mfungwa mwema, mwenye nyumba katili, na mwishoni toba ya wote. Hofu hii ina msingi, kwa kuwa tabia ya kufundisha maadili imeshika mizizi katika riwaya yetu, na mwandishi mzembe angeweza kuandika kitabu kama hicho kwa mwezi mmoja.

Dawa yake ni kumtazama mwenye nyumba sawasawa. Mjini Babati mara nyingi ni mjane au mstaafu aliyejenga vyumba vinne vya matofali kwa akiba ya maisha yake yote, na kodi hiyo ndiyo ada ya shule ya wajukuu. Wapangaji wengine ni mwalimu, muuza nguo za mitumba, na msichana anayefanya kazi hotelini. Kikulacho ki nguoni mwako, husema, wala hasemi kwa ukatili. Akimkubali aliyefungwa, huenda wale watatu wakahama. Akimkataa, hamkatai kwa uso mkavu. Hutumia adabu ya Kiswahili, ambayo ni tajiri mno katika kukataa bila kukataa. Husema chumba kimekwisha kuchukuliwa tangu jana. Husema mwanawe anarudi kutoka Mbulu, atakihitaji. Husema, “Pita wiki ijayo, baba.” Mtafutaji husikia na kuelewa, akaaga kwa heshima, akamshukuru. Mazungumzo hayo, ambamo kila neno ni la upole na kila neno ni mlango unaofungwa, ni mali ghafi ambayo mwandishi wa tamthilia angeitamani. Tena hufanyika kila siku.

Wapo watakaopendekeza kwamba kazi ianzie kwenye istilahi, liundwe neno la heshima la kumwita mtu huyu, nalo litiwe katika kamusi. Pendekezo hilo lisipokewe kwa haraka. Neno likitungwa mezani kwa ajili ya watu wanaoonewa haya huchakaa upesi. Haya hulifuata na kuliingia, na baada ya miaka kumi hutakiwa jingine. Mtalaka na mstaafu hayakuundwa na kamati. Yalizoeleka kwa sababu watu waliwataja wenzao waziwazi, wakasimulia habari zao, wakaoa kwao na kuwapangisha vyumba.

Hadithi ndiyo inayotakiwa kwanza, na mahali pa kuianzia pamekwisha kuonekana. Kati ya maswali yote ya mwenye nyumba, moja ndilo lenye uzito: ulikuwa unakaa wapi kabla ya hapa? Aliyefungwa miaka mitatu ana miaka mitatu ya kueleza. Aweza kusema alikuwa Singida kwa ndugu, akapata ufunguo, na tangu siku hiyo akaishi uani kwa hofu ya kila mgeni atokaye Singida. Aweza kusema kweli na kulala stendi. Riwaya yenye kumsimamisha mtu mbele ya swali hilo, mkononi ana kodi ya miezi mitatu, bado haijaandikwa.