Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Wahenga walinena, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Methali hii ni ngao vitani, lakini iko meza ambayo juu yake hugeuka kuwa hasara. Ni meza ya michezo ya masimulizi, ambapo kila mchezaji hujitwalia nafsi ya mhusika mmoja, msimamizi akawaeleza ulimwengu uliowazunguka, na dadu zikaamua penye shaka. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ukatolewa mwaka 1974.

Mchezaji asiyethubutu ni mzigo mezani. Akifika mlangoni haingii, akiitwa hajibu, akiona hazina huwaza mtego. Wenzake humngojea, na jioni nzima huishia kizingitini. Aghalabu lawama zote hutupiwa yeye. Walakini mhakiki mwenye haki hana budi kuuliza: woga huu ulifundishwa na nani?

Tutazame Tomb of Horrors, kisa alichokitunga Gygax na kukichapisha mwaka 1978. Humo mna sura ya shetani ya jiwe, kinywa wazi, ndani giza tupu. Aingiaye kinywani huangamia kabisa. Mchezaji aliyepotelewa na mhusika wake hapo, kesho atagusa kila jiwe kwa upondo wa futi 10. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Watetezi wa kisa hicho husema kwamba uangalifu ndio ustadi wenyewe. Wana haki kwa sehemu. Lakini tahadhari na woga si ndugu: tahadhari huchunguza ili itende, woga huchunguza ili usitende.

Watunzi wa baadaye walitafuta dawa katika kanuni. Katika Dungeon World ya mwaka 2012, mchezaji ambaye dadu zake zimeshindwa hupata alama ya ujuzi; kuanguka kwake kumekuwa mwalimu. Blades in the Dark ya John Harper, iliyotoka mwaka 2017, imepiga hatua zaidi. Wachezaji ni genge la wahalifu, na atendaye jambo la hatari kuu hulipwa ujuzi. Mashauri marefu nayo yamekatwa: mchezaji akikuta mlinzi njiani, aweza kusimulia kwamba alikwisha kumhonga jana, kisha akalipia kwa uchovu wa moyo wa mhusika wake. Hiyo ni busara kubwa, kwa kuwa hofu ya kutojiandaa imeondolewa, na gharama imebaki.

Hata hivyo, kanuni njema mikononi mwa msimamizi msiri ni taa bila mafuta. Na aseme kabla ya dadu kutupwa kitakachopotea. Kushindwa kufungue njia nyingine, kusiifunge hadithi. Kukawia nako kuwe na bei: mwenge uzimike, mateka asafirishwe. Lakini asimburute mchezaji mkimya ambaye furaha yake ni kusikiliza; ukimya si woga sikuzote.

Vijana wasomaji, mezani shujaa akifa hakuna mama aliaye. Hapo ndipo pa kujifunza kuthubutu kwa bei nafuu. Anayekataa kuthubutu hata hapo hajaokoa maisha ya mtu. Amewanyima wenzake hadithi.